Mgonjwa wa Mahameni

Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, kisha ndipo nilipofungua daftari la mahudhurio na kumwuliza jana alikuwa wapi. Ndivyo tulivyoishi miezi ya mwanzo, mimi na mhudumu wangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Yeye alilingana na mama yangu. Na mkubwa wa zahanati nilikuwa mimi.

Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, vyumba vitatu, katika kijiji kipya huku Handeni. Nasema kipya kwa sababu misimu miwili nyuma pale palikuwa pori. Watu waliokuwa wametawanyika, kila ukoo kwenye shamba lake, walihamishwa wakapangwa kwa mistari, nyumba hii inatazamana na ile, shule huku, ofisi ya kijiji kule. Mganga aliyekuwa mkuu wangu alipelekwa kozi Tanga, hakurudi, wala hakuletwa mwingine. Nikaachiwa funguo za kabati la dawa, lile daftari, na mhudumu mmoja.

Kwa kazi sijaona mfano wake. Alichemsha sindano, alifua shuka, alifunga vidonda kwa mkono mwepesi kuliko wangu. Cheti cha ukunga nilikuwa nacho mimi, lakini Kizigua changu kilikuwa cha kuombea maji tu, na mwanamke mwenye uchungu hana muda wa kumtafutia nesi maneno. Wakifika, walimtazama yeye kwanza.

Tatizo lake lilikuwa kutoonekana. Juma hili anakosa siku mbili, juma linalofuata tatu. Nikimwuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Nilikwenda kwa mama." Akishasema hivyo anachukua ndoo na kwenda zake, kama mtu aliyemaliza kueleza.

Mimi nilizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Baba alitoka kusini akiwa kijana kuja kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukapinda. Kambini kwetu king'ora kilipolia, nyumba zilibaki tupu, na mtu asiyetoka tulidhani amekufa. Baba alipata habari ya kifo cha mama yake kwa barua. Nilimsomea mimi, nikiwa darasa la tatu. Akaikunja, akaiweka chini ya godoro, na kesho yake akaenda kukata. Nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo heshima ya kazi. Kwa hiyo huyu mama na safari zake nilimwona ananichezea, kwa kuwa mimi ni binti mdogo na si mtu wa huku.

Lililonitia shaka zaidi ni kwamba nilimwuliza balozi wa nyumba kumi, naye akanijibu huku akitazama pembeni kwamba mama wa mhudumu wangu ameandikwa palepale kijijini, anaishi kwa binti yake. Nikapita kwenye nyumba hiyo mara mbili. Sikuona bibi, wala mkeka wa bibi. Nikajua nadanganywa, ila sikujua na nani.

Kisha ikaja siku ya wazazi wawili kwa pamoja, na mgonjwa wa tatu, mtoto, amebebwa akitetemeka kwa homa. Mhudumu hayupo. Nilikimbia kati ya vyumba tangu saa mbili asubuhi hadi alasiri, nikisema Kiswahili kwa watu waliokuwa wakinijibu kwa Kizigua. Hakufa mtu. Lakini mmoja wa wale wazazi alichanika vibaya kwa kuwa hakuelewa nilipomwambia asisukume, nami nikamshona huku wifi yake akinitazama kama muuaji.

Jioni ile niliandika barua ya onyo, na nakala yake. Asubuhi nikampa shikamoo, kisha nikampa barua. Alikuwa amejifunza kusoma juzijuzi, kwenye madarasa ya watu wazima. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari mmoja baada ya mwingine, na ilimchukua muda mrefu. Nilijiandaa kwa machozi. Akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimeipokea, nesi," akasema. "Kesho sitakuja."

Nilimweleza kwamba kutakuwa na barua ya pili, na kwamba ya tatu ni kufukuzwa. Akasema anajua, imeandikwa pale chini, ameisoma. Akaenda kuwasha jiko la kuchemshia sindano.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Jumamosi hakuja kweli. Jumapili asubuhi nilimkuta anatoka kwake na debe la maji kichwani na kikapu mkononi, nikamwambia naongozana naye. Nilitaka kumshika na uongo wake. Hakubisha. Alinitazama miguuni tu, akaniambia nichukue maji yangu ya kunywa, kwa sababu yale ya kichwani yana mwenyewe.

Tulitembea zaidi ya saa mbili kuelekea Kwaluguru. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Njiani tulipita mahame mengi, miji ya watu waliohamishwa: kuta zisizo na paa, maboga yametambaa juu ya mafiga, mipapai imezaa na hakuna wa kuchuma. Mhudumu alinitajia kila mji ulivyokuwa. Hapa baba yake mdogo. Hapa shangazi. Hapa ndipo alipoolewa yeye. Alisema bila huzuni, kama anayesoma orodha ya wagonjwa. Kisha nikaona moshi.

Palikuwa na kibanda kimoja chenye nyasi mpya juu ya paa la zamani, ghala dogo, na uwanja uliofagiwa vizuri kuliko wa zahanati yangu. Bibi mwembamba alikuwa ameketi akichambua kunde kwenye ungo. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe. Kabla hatujasema neno aliinua kichwa na kuuliza kitu kwa Kizigua. Binti yake akanitafsiria: anauliza ni nani huyo mwenye viatu.

Nilipiga magoti nikamwamkia. Akanishika mkono, akaupapasa hadi kwenye kiwiko.

"Huyu ndiye anayeandikia watu barua?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili, ili nisikie mwenyewe.

Hakungoja jibu, akaanza kumgombeza binti yake kwamba mlenda wa jana haukuwa na chumvi. Kisha akainuka. Hakuwa na fimbo. Alikata uwanja moja kwa moja, akainama penye kona ya paa bila kuigusa, akaingia jikoni, akatoka na kibuyu, akazunguka jiwe lililokuwa njiani, akafika ghalani na kulishika komeo kwa mara ya kwanza. Nilimwuliza mhudumu ni tangu lini mama yake haoni. Akasema ni tangu kabla ya Uhuru.

Hapo ndipo aliponieleza yote, taratibu, huku akimimina maji kwenye mtungi. Mama yake alipakiwa kwenye lori na mgambo pamoja na wengine, akapelekwa kijiji kipya. Kule nyumba zote zilifanana, mistari yote ilifanana. Siku ya tatu alitoka kwenda chooni, na kurudi akaingia nyumba ya watu, akaketi kitandani kwa mwanamume asiyemjua. Mtaa mzima ulicheka. Baada ya hapo hakuinuka mkekani bila kushikwa mkono. Alikaa hivyo mwezi mzima, kisha akawaomba wafugaji wa Kimasai waliokuwa wakipita na ng'ombe wamrudishe kwake. Akarudishwa kijijini mara ya pili, na mgambo wakaezua paa lake ili asiwe na pa kurudia. Akarudi, akalala chini ya ghala, mpaka binti yake alipoezeka upya kwa mikono yake. Viongozi wakachoka. Wakamwandika kwenye daftari la kijiji kwamba amehamia, na habari ikaishia hapo.

Bibi alikuwa anasikiliza. "Kule mimi ni kipofu," akasema. "Hapa si kipofu."

Mguuni alikuwa na kidonda, juu kidogo ya kifundo, kikubwa kama kiganja, kimefunikwa majani. Nilikitazama vizuri. Sikuwa nimebeba hata pamba. Nimekuja na nini? Nimekuja na hasira tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfikiria baba na ile barua ya msiba, na kwa mara ya kwanza niliwakasirikia waliomfundisha kuikunja.

Jumatatu nilichana nakala ya onyo. Nikamketisha mhudumu tukapanga. Jumanne na Jumamosi atakwenda kwa mama yake, na atabeba mfuko wa zahanati: shashi, dawa ya zambarau ya vidonda, vidonge vya homa. Njiani atawatazama pia wafugaji na watoto wao, ambao hakuna aliyekuwa akiwatazama. Jumapili atakuwa kazini mimi nipumzike. Mwanamke akikaribia kujifungua, nitamwambia mapema tubadilishane siku. Kwenye daftari, siku zile mbili niliandika: kazi ya nje. Tangu hapo hakukosa hata siku moja bila mimi kujua, na kidonda cha bibi kikaanza kuota nyama mpya.

Haikupita miezi mingi Katibu Kata akapata habari. Aliniita ofisi ya kijiji, nikamkuta na mwenyekiti na wajumbe wawili, na daftari langu la mahudhurio liko mezani. Alikuwa amemtuma mtu kulichukua bila kuniuliza. Alizungumza kwa utulivu. Alisema mtumishi wa serikali hawezi kuwa na mama anayeipinga serikali. Alisema watu wameanza kunong'ona kwamba kama yule bibi amerudi, kwa nini wao wasirudi. Alinitaka niandike siku zote ambazo mhudumu hakuwapo kazini, azipeleke wilayani, afukuzwe. Karatasi ilikuwa tayari, na kalamu juu yake.

Nikamwambia sina siku za kuandika. Hajakosa. Akafungua daftari akaweka kidole penye yale maneno, akauliza kazi ya nje ndiyo nini. Nikamweleza: ni kumhudumia mgonjwa, mwanamke mzee, haoni, ana kidonda cha mguu, anaishi mahameni kuelekea Kwaluguru.

"Kule hakuna mtu, ndugu nesi," akasema. "Watu wote wamehamia. Taarifa ilishakwenda wilayani."

"Kama hakuna mtu, mama wa mhudumu wangu hajakosa lolote," nikasema. "Na kama yupo, ni mgonjwa wangu. Niandikie barua, ndugu katibu. Andika kwamba kuna bibi hajahama na mimi nisimtibu. Tia sahihi, nitaibandika ukutani zahanati."

Sikuwa nimeyapanga maneno yale. Yalipotoka ndipo nami nilipoona yanakwenda wapi. Mwenyekiti alitazama kandambili zake. Katibu alishika kalamu, akaitazama ile karatasi, na chumba kizima kikawa kinangoja kuona kama ataandika kwamba taarifa yake mwenyewe ilikuwa ya uongo. Hakuandika. Aliniambia Chama kitanijadili. Nikamjibu kwamba mimi napatikana zahanati kila siku kuanzia saa moja na nusu, nikachukua daftari langu mezani nikatoka.

Nisiseme kwamba sikuogopa. Nilifika zahanati nikaketi juu ya sanduku la dawa. Mhudumu alikuwa anakunja shuka. Nilimsimulia neno kwa neno. Akanisikiliza hadi mwisho, akaweka shuka ya mwisho juu ya nyingine.

"Kesho ni Jumamosi," akasema.

"Najua," nikasema. "Mfuko nimeshaujaza."

Barua ya katibu haikuja kamwe. Mengine yalikuja. Mara mbili majina ya kwenda kusomea daraja la juu yalipelekwa bila jina langu, na rafiki mmoja ofisi ya wilaya aliniambia nisisumbuke kuuliza sababu. Baada ya mwaka wa tatu nilihamishiwa Korogwe. Kwenye makabidhiano nilimwandikia mganga aliyekuja kushika nafasi yangu, kwa wino mweusi, kwamba kuna mgonjwa mahameni, Jumanne na Jumamosi. Alikuwa kijana mkimya. Alisoma, akauliza njia ni ipi tu.

Korogwe nimesimamia wodi kwa miaka mingi, na wauguzi wamepita mikononi mwangu wenye watoto wagonjwa, wenye waume waliopooza, wenye baba wasiojua tena majina yao. Nimeitwa mlegevu na wakubwa zaidi ya mmoja. Wodi yangu haikukosa mtu wa zamu, na hilo walikuwa wanaliona, kwa hiyo waliendelea kuniita mlegevu na mimi nikaendelea. Aliyetaka kumfukuza mtu kwa sababu ya mama yake alilazimika kuandika mwenyewe.

Mhudumu wangu wa zamani alikuwa akifika Korogwe mara mojamoja kufuata dawa, na hakukosa kupita kwangu. Ni yeye aliyenisimulia jinsi watu walivyoanza kurudi kulima mahameni mwao, mmoja mmoja, bila amri ya mtu, kwa sababu mashamba ya kijijini yalikuwa yamechoka. Walimkuta bibi pale, akawagombeza kwa kuacha mbuzi wao waingie kwenye kunde zake.

Mara ya mwisho alikuja amejifunga kanga nyeusi. Bibi alikuwa amefariki nyumbani kwake, ameketi, ungo mapajani. Nikamchemshia chai. Akaniambia aliomba ruhusa ya siku saba za msiba, na mkubwa mpya, ambaye si yule kijana, akampa nne.

Nikamwuliza alifanyaje.

"Nilikaa saba," akasema, akanisogezea kikombe nimwongeze chai.