Jina Kabla ya Amina

Watu wa kijiji chetu wakikupa habari za nyumba ya mtu, usiwaulize wamezipata wapi. Wamezipata kanisani, alfajiri. Mchungaji Cheon husoma sura moja, akasema maneno mawili matatu, kisha akazima taa, na kila mtu akabaki gizani na Mungu wake. Humo gizani tunaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mmoja na lake. Inatakiwa usisikilize ya mwenzako. Haya, niambie wewe, nani asiyesikiliza?

Aliyesikika kuliko wote alikuwa Bibi Bong-nye. Kikongwe kidogo, mgongo umepinda kwa kung'oa vitunguu tangu usichana, lakini sauti! Alikuwa na orodha yake kichwani na hakuwahi kuivuruga. Kwanza aliiombea nchi, halafu koo la mchungaji, halafu majirani. "Bwana, mtazame mwana wa Mama Mlezi Pyo, ameacha kazi tena, na safari hii hata hakuizoea." Na Mama Mlezi Pyo, ambaye ni mkuu wa akina mama wa kanisa, amekaa palepale sakafuni juu ya mto wake wa kukalia, masikio yamesimama. Asubuhi hiyohiyo kijiji kizima kinajua.

Pembeni ya Bibi Bong-nye alikaa mkwewe, Pil-sun, kimya. Habari hii ni ya huyo aliyekaa kimya.

Pil-sun aliolewa hapa kutoka kisiwani, nyumba ambayo kanisa waliliona kwenye televisheni tu. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake alikurupushwa na mlio wa upawa juu ya kifuniko cha sufuria. Mama mkwe amesimama mlangoni, koti amevaa, kitambaa amefunga. "We mkwe! Bwana ameshaamka, wewe bado?" Pil-sun alimchukia siku hiyo, hilo hakulificha hata baadaye. Kanisani alisinzia mpaka paji la uso likagonga sakafu, na watu wakadhani ni mtu wa kusujudu sana.

Lakini yakaja yakamwingia. Mchana kutwa nyumbani ni Pil-sun soksi zangu ziko wapi, Pil-sun supu imepoa, Pil-sun mbwa kala kiatu. Taa za kanisa zikizimwa, hakuna aliyemwita. Alisogeza midomo tu na kumwambia Mungu kila kitu: miche iliyooza kwa mvua, binti yake Seon-ju aliyefeli hesabu, mama mkwe anayemnyima usingizi. Ilikuwa saa yake. Angekubali umnyang'anye chakula kuliko uiguse saa ile, na akitoka pale mwili ulikuwa mwepesi, anacheka hata na mbwa.

Mumewe, Tae-sik, haingii kanisani ng'o. Aliwaleta kwa lori lake la vitunguu, akazima injini, akafungulia redio chini chini na kuwangoja. Wakitoka alikuwa na maneno yaleyale: "Mmeshamaliza kumsumbua Mungu? Haya, twendeni tukale." Mama yake alimpiga kofi la bega kila siku, na kila siku yeye alijifanya limemuumiza.

Asubuhi moja hakuwepo nje. Alikuwa amepeleka mzigo Seoul na alitakiwa awe anarudi na lori tupu. Kulikuwa na ukungu barabara nzima. Pil-sun alikuwa gizani, anamtaja mumewe kwa jina, Bwana mlete salama, simu ikatetemeka ndani ya mfuko wa koti. Baadaye polisi walimweleza ajali ilitokea wakati gani. Akapiga hesabu mwenyewe. Wakati anaomba aletwe, mwenyewe alikuwa ameshakufa.

Hapo kitu kikazimika ndani yake. Hakulia. Kwenye msiba aliwapakulia wageni supu ya nyama kama msiba ni wa mtu mwingine, na watu wakanong'onezana, mwone yule, imani ile! Imani gani. Ilikuwa ganzi. Aliendelea kwenda alfajiri kwa sababu miguu ilikuwa imezoea, akakaa juu ya mto wake, taa zikazimwa, na hakuwa na la kusema. Hakuwa na hasira na Mungu. Afadhali angekuwa nayo, angekuwa na la kuanzia. Alikaa tu mpaka wenzake wamalize. Na mambo mengine nayo yakawa hivyohivyo. Kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, aliyotia mwaka ule ilikuwa chumvi tupu, kwa maana ulimi wake haukujua tena kitu kimezidi au kimepungua. Seon-ju alipokuja likizo alikula kipande kimoja, akanywa maji.

Kisha akili za Bibi Bong-nye zikaanza kuondoka. Akasahau sufuria motoni. Akasahau choo kiko wapi. Akamsahau na Pil-sun mwenyewe, akawa anamwita "huyu mama", kwa adabu, kama mpangaji. Kitu kimoja hakukisahau: alfajiri aliamka, akafunga kitambaa chake na kugonga kifuniko kwa upawa. Na kanisani orodha ilitoka nzima, nchi, koo la mchungaji, majirani, mjukuu, na mwisho kabisa, kabla ya amina, kama zamani: "Na Tae-sik wetu. Yuko njiani, Bwana. Mlete salama."

Mara ya kwanza Pil-sun aliposikia hivyo, walipofika nyumbani alimkalisha na kumwambia. "Mama, Tae-sik alifariki. Tulimzika." Bibi akalia kilio cha mtu aliyeambiwa leo, akapiga sakafu mpaka viganja vikavimba. Kesho yake alfajiri: yuko njiani, Bwana, mlete salama. Pil-sun akamwambia tena. Kilio kilekile, kipya. Akajaribu na mara nyingine, na safari hiyo, kikongwe anajipigapiga pale sakafuni, Pil-sun akajikuta anawaza kwamba mchele haujaoshwa. Akaenda akauosha. Maji yanapita vidoleni ndipo alipojiogopa. Hakumwambia tena.

Kwa hiyo kila alfajiri ikawa ni hiyo. Saa iliyokuwa yake haikuwa yake tena. Alikuwa anakaa anangoja lile jina, meno ameyauma, likishapita anainuka. Kama angeulizwa anataka nini duniani, angesema alfajiri moja tu isiyo na lile jina.

Siku moja Mama Mlezi Pyo alimvizia kwenye kabati la viatu.

"Shemasi Pil-sun, mdogo wangu, usinielewe vibaya."

"Sijakuelewa bado, Mama Mlezi."

"Ni hili la Bibi. Marehemu haombewi. Unajua mwenyewe kanisa letu halina hayo. Mgeni akisikia atatufikiriaje?"

"Mgeni gani? Alfajiri tuko sisi na jiko la mafuta."

"Basi tu, ungemwambia."

"Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mwambie mwanawe amekufa, halafu ukae naye akilia mpaka mchana. Kesho uje umwambie tena."

Mama Mlezi Pyo akaingiza mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine. Si mtu mbaya yule. Kesho yake alileta uji wa boga, akauacha mlangoni bila kugonga.

Vuli ile Seon-ju akapiga simu kutoka Busan. Nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee kule mjini, safi, yenye wauguzi, na bibi atapata watu wa kumwangalia usiku na mchana.

"Mama, usijitese," alisema Seon-ju. "Hata hakujui."

"Ananijua kuwa ni mama wa chumvi."

"Unaona? Bado unatania. Useme ndiyo basi."

"Ndiyo," akasema Pil-sun. "Tukimaliza kupanda miche."

Akasubiri moyo umchome. Haukumchoma. Alichowaza ni kwamba hataamshwa tena na upawa. Siku ya pili yake atalala mpaka jua liingie dirishani, na ya tatu vilevile, na mto wake kanisani wachukue wampe mwingine. Hakuwa anamkimbia Mungu. Alikuwa amechoka kukaa naye chumba kimoja hawasemeshani. Mungu akiwa na shida naye, anajua anakoishi.

Miche ikaisha kupandwa. Siku ya safari ikafika, mkoba wa Bibi uko tayari karibu na mlango, na gari la nyumba ya wazee lingekuja baada ya kifungua kinywa. Alfajiri upawa ukalia. Pil-sun alikuwa macho. Alimfunga Bibi skafu mara mbili kwa sababu ya jalidi, akamshika mkono, wakaenda polepole kando ya mashamba.

"We mama," Bibi alimwuliza njiani, "na kwenu mnasali?"

"Tunasali, Mama."

"Vizuri. Maana unaonekana mtu wa huzuni."

Mchungaji akasoma, akasema maneno yake, akazima taa. Sauti zikapanda pande zote, na ya Bibi Bong-nye juu yao. Nchi. Koo la mchungaji. Mwana wa Mama Mlezi Pyo, apate kazi na aing'ang'anie. "Na huyu mama anayenileta, mbariki, Bwana, ana roho nzuri, ingawa kimchi yake chumvi tupu." Mtu mmoja akacheka gizani, akajifanya anakohoa. "Na mjukuu wangu Seon-ju, mpe mume asiye mlevi." Pil-sun akauma meno, kama kila siku.

"Kwa jina la Yesu, amina," akasema Bibi Bong-nye.

Pil-sun akangoja. Labda anavuta pumzi. Akamsikia akipenga kamasi, akijirekebisha kitambaa, akijipigapiga magoti yaliyokufa ganzi. Amemaliza. Hakuna kilichobaki. Jina halikusemwa.

Ndicho alichokitaka, si ndicho? Alfajiri moja isiyo na lile jina, na ameipata, mkoba uko mlangoni na kesho analala. Akakaa nayo. Sauti za wenzake zilikuwa zinaomba visukari vya watu na mitihani ya watu na magoti ya watu, na katika zote hizo hakuna hata moja iliyomtaja Tae-sik. Mama yake alikuwa wa mwisho kumtaja, naye ameachia. Pil-sun akaingiwa na hofu. Hakuwa amehisi kitu kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuitambua mara moja.

"Tae-sik wetu," akasema.

Ilitoka kwa sauti, tena sauti mbovu, ya mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Yeye, aliyekuwa akisogeza midomo tu hata enzi za furaha yake.

"Yuko njiani, Bwana," akasema Pil-sun, na hapo akakwama. Lililofuata alilijua. Ndilo alilokuwa analisema simu ilipotetemeka.

Bibi Bong-nye akamgeukia. Hakuwahi kujua kunong'ona, na sasa ndiyo kabisa. "Nani huyo?"

"Tae-sik, Mama."

"Mtu wa kwenu?"

"Mtu wa kwetu."

"Ametoka?"

"Ametoka. Alipeleka vitunguu."

"Na bado hajafika?"

Pil-sun alikuwa na jibu la kweli, na alishawahi kulitoa. "Bado, Mama," akasema.

"Sasa mbona umenyamaza?" Bibi akampiga kofi la bega. "Endelea!"

Kanisa lote lilikuwa limetulia. Aliyekuwa na maombi yake aliyaweka pembeni, na hakuna aliyejisumbua kujifanya hasikilizi. Jiko la mafuta peke yake ndilo lililovuma. Pil-sun akaangalia mahali ambapo mikono yake ilikuwa, hakuiona kwa giza, lakini ilikuwa imeshikana na alijua ni yake.

"Mlete salama," akasema.

Hakulia, kama kuna anayengoja hilo. Ila hakuinuka. Pembeni yake Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, viganja vimekutana, anamsubiri, kama mtu anayejua orodha ya mwenzake haijafika mwisho. Pil-sun akaufikiria ule mkoba mlangoni. Miaka yote ile, orodha yote ile, na kikongwe huyu hakuwahi kujitaja mwenyewe.

"Na Bong-nye wetu," akasema Pil-sun. "Leo anatoka nyumbani. Na yeye, Bwana. Na yeye mlete salama."

"Amina!" akaitikia Bibi Bong-nye kwa sauti yake yote, kama alivyokuwa akiitikia maombi ya wagonjwa wa watu wengine.