Jiwe Moja kwa Samaki Tisa

Kosa langu la kwanza, mwanangu, lilikuwa kumtoa samaki anayeuma. Jana ulinijia na ndoo, ndani yake yule samaki wako mwenye mapezi mekundu, ukasema, "Papa, huyu njo mubaya. Nimurudishe mutoni, wengine wapumue." Nilikuambia umrudishe kwenye tangi lako la kioo, nawe ukaondoka umenuna. Sikukueleza sababu. Nimekaa kuiandika, nikaichana, nikaandika tena. Hii ni mara ya nne, maana mimi ni mtu wa kuogopa kukosea hata nukta. Woga huo haukuanza leo, na ndio ulioniponza.

Ilikuwa miaka ya vita. Njia za mashambani zilifungwa, garimoshi halikuja, majani yaliota katikati ya reli. Baba alikuwa amekwama Lubutu, na mimi, mwenye miaka ishirini na miwili, nikawa mkubwa wa nyumba yetu hapa Kindu. Tulikuwa watu kumi na wanne katika vyumba vitatu, wengine ndugu waliokimbia vijiji vyao. Penye wengi pana mengi. Mizinga sikuweza kuituliza, basi nikatafuta kitu kidogo nitakachoweza kukituliza. Nikaunda tangi kwa vioo vya duka lililobomolewa, nikaziba pembe kwa lami, nikavua samaki tisa pembezoni mwa mto Lualaba kwa kipande cha chandarua. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na ndani yake picha moja: maji maangavu, mchanga safi, jiwe moja katikati. Nilitaka langu liwe vilevile. Nikaweka jiwe moja.

Shangazi Zaina, dada yake baba, alipita na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, akacheka hadi akaiweka chini. "Mutoto huyu anafuga mboga, halafu anakataa kuipika!"

Wiki haijaisha, samaki mmoja akalikamata lile jiwe. Kila aliyelikaribia aliumwa mkia. Watoto walimwita Komanda. Nilichukia kuona mikia iliyochanika ndani ya maji niliyoyasafisha kwa mikono yangu, nikamtoa. Siku mbili tangi lilitulia. Nikajiona fundi.

Sasa nikuambie ninaloona haya kulisema. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, isipokuwa pembe moja ya sebule, ambayo baba alikuwa ameanza kuijenga upya kwa matofali ya kuchoma. Risasi zilipolia, wote tuliitaka pembe ile. Ramazani, binamu yangu aliyetoka Kailo, alifika wa kwanza kila mara, akisukuma wazee, akikanyaga watoto. Siku moja mchana alimsukuma mama yangu, mama akaanguka na kuchubuka kiwiko. Nilimwinua mama, nikamgeukia Ramazani.

"Toka," nikamwambia. "Ndani ya nyumba hii nataka amani."

"Kaka, inje iko masasi," akasema, maana risasi zilikuwa bado zinalia.

"Nenda Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa wajomba zako. Mutumbwi iko."

Akakunja blanketi lake. Mlangoni akageuka. "Basi bakia na amani yako, kaka. Uipanguse kila asubuhi, sawa vile vioo vyako."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nilisema, tena kwa sauti.

Mtumbwi alioupanda ulipigwa risasi katikati ya mto. Uliokotwa mbali kule chini, umepinduka. Waliokuwa ndani hawakuokotwa. Habari ilitufikia siku ya tatu. Mama alilia ndani, na mimi, nisiyejua mikono yangu niiweke wapi, nikachukua kichungi cha kuvulia nikaenda kwenye tangi, kwa sababu asubuhi ile samaki mwingine alikuwa amelitwaa jiwe na kuanza kuuma. Shangazi Zaina alinishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Huyu naye ameanza."

"Na Juma?"

Juma ni mdogo wangu, mpole kuliko sisi sote. Usiku uliopita alikuwa amemvuta mtoto mguu ili yeye alale penye matofali.

"Juma naye utamufukuza? Kisha nani? Jiwe iko moja, na weye unatafuta mubaya ni nani! Unajua kaka yake Ramazani alikufa namna gani kule Kailo? Sasi ilipita ndani ya ukuta ya udongo, Ramazani amelala pembeni yake. Uliuliza? Haukuuliza." Akanyoosha kidole dirishani. "Matofali iko pale inje. Nani alikukataza kuyaingiza?"

Yalikuwa matofali ya baba, yaliyobaki alipoacha kujenga. Nilikuwa nayapita kila siku nikienda msalani. Mwanangu, hata nilikuwa nimeyapanga upya, ukingo kwa ukingo, ili ua wetu upendeze.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliujenga kwa siku tatu, Juma na mimi, ndani ya kila chumba, urefu wa kiuno, watu wakalala nyuma yake. Ugomvi wa pembe ukaisha. Wa chumvi haukuisha, nisikudanganye. Kisha nikaokota mawe mtoni na vigae vya chungu, nikalijaza tangi likawa baya kama jalala, na lile jiwe la kwanza nikalihamisha ili yule aliyelitwaa asijue tena mpaka wake. Samaki waliendelea kutishana, lakini aliyefukuzwa alipata pa kuingia.

Ramazani hatukumzika. Ijumaa namwombea nikiwa nimeelekea mtoni, kwa kuwa sina kaburi la kuelekea. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshakuwa mtu mzima.

Jana, ulipokwisha kuondoka, nilipita nikaliangalia tangi lako. Mawe mawili, samaki kumi na mmoja. Ni safi, linapendeza, na nilijiona mwenyewe ndani yake, nikaogopa. Nasaha yangu ni hii: mmoja akiuma, angalia kwanza wanagombea nini, na kama kinaweza kuongezwa, kiongeze kabla hujamhukumu mtu. Panga mawe upya, mwaga chakula pande mbili, kubali tangi lisipendeze. Wapo wanaouma hata wakipewa mawe kumi, sikatai. Hao watenge kwenye maji yao na uwalishe, usiwatupe. Na kabla ya kumwambia mtu toka, muulize alikotoka kulikuwaje.

Mungu akupe macho ya kuliona jiwe kabla ya kuyaona meno, na nyumba yako isikose pembe ya mgeni.

Mimi, tangu siku ile, nimetenga samaki wengi. Mtu sijamtoa nyumbani tena.