Bustani ya Nyuma ya Nyumba, Mafinga

Karibu na ninapoishi sasa, hapa Mbeya, kuna karakana ya seremala. Mvua ikinyesha, vumbi la mbao lililorundikwa nje hulowa na kutoa harufu ya miti ya misindano iliyochacha kidogo. Wengine huiita harufu nzuri. Mimi nikiinusa mabega yanauma.

Nilikulia Mafinga, na baba yangu alikuwa mpasua mbao katika kiwanda kidogo cha mtu. Nikiwa darasa la nne, msumeno ulimkata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Alilazwa hospitali ya misheni kule Tosamaganga kwa muda mrefu, na aliporudi, sauti hakurudi nayo. Alishinda kwenye kigoda mlangoni, mkono wa shati umefungwa fundo, akitazama malori ya magogo yakipita. Ukimwamkia, anaitikia. Basi.

Mama alikuwa akifua nguo za watu. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja kilichoachwa. Mwenyewe aling'oa mashine zake za kupasulia mbao akahama, akabakiza magugu, vyuma vyenye kutu na vumbi la mbao lililonifika magotini. Mama alikwenda kukiomba kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Lima, dada," mwenyekiti alimwambia, "ila usipande mti. Ukipanda mti, kesho utasema kiwanja ni chako."

Tulianza kuzoa lile vumbi kwa karai, mama na mimi, kila nikitoka shule. Liliingia puani, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Tukapanda mboga ya chainizi, ikaota ya njano kama mtoto mwenye homa. Jirani yetu Bibi Mwajuma, muuza dagaa sokoni, ambaye watu wa kwao walitoka pwani zamani, alisimama akaitazama na kusikitika kama aliyefika msibani. "Udongo huu una njaa," alisema. "Ulisheni kwanza ndipo uwalishe." Basi tukabeba samadi, tukabeba majivu, tukabeba maji kutoka kijitoni, mama na ndoo kichwani, mimi na kidumu. Usiku nililala bila kuota ndoto.

Na bustani ikakubali. Chainizi, kabichi, njegere zinazopanda kwenye vijiti. Mama alianza kuimba akifua.

Kisha sakitu ikaanguka, ule umande unaoganda kwa baridi ya usiku. Asubuhi hiyo majani yote yalikuwa meupe, mazuri kweli, nikayakimbilia kwa furaha. Jua lilipopanda yakalegea na kuwa meusi, kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto. Mama alisimama katikati ya matuta, akaitua ndoo yake taratibu, akaingia ndani na kulala akiutazama ukuta.

"Mama, twende tukachote maji?"

"Mgongo unaniuma."

Kesho yake, jibu lilikuwa lilelile. Nilipika uji ukaungua. Baba aliunywa, akanitazama, akautazama mlango wa chumbani, halafu akanyanyuka. Alichukua jembe. Mpini ulikuwa mrefu mno kwa mkono mmoja, akaubana kwa mguu na kuukata kwa panga. Nilimfuata na kidumu changu. Alilima akipumzika kila baada ya hatua chache, jasho likimtoka kwenye baridi ile, na matuta yake yalipinda kama njia ya ng'ombe.

Bibi Mwajuma alipita na ungo wake wa dagaa, akasimama. "Msaidie baba, mwanangu," aliniambia. "Si unajua, mkono mmoja haulei m..." Akaziba mdomo.

Baba aliegemea jembe. "Mwana haulei," alisema, "lakini tuta unachimba." Akacheka. Bibi Mwajuma naye akacheka mpaka dagaa wakamwagika, tukawaokota sote watatu.

Mama hakutoka siku hiyo. Alipotoka, amejifunga khanga kiunoni, aliyatazama yale matuta kwa muda mrefu. "Haya ndiyo matuta?" alisema, akapiga magoti kuyanyoosha. Tulikula kutoka pale miaka mingi, hadi mwenye kiwanja aliporudi na kujenga vyumba vya kupangisha.

Mtaani ikawa hadithi. Bibi Mwajuma aliisimulia hata kwenye harusi yangu: jinsi mama alivyosingizia mgongo ili mume wake ainuke. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nimewasimulia wanangu hivyohivyo, bibi yao alivyokuwa mjanja.

Baada ya kumzika baba nilikaa na mama jikoni, anamenya viazi, nikamuuliza.

"Ujanja gani, mwanangu?" alisema bila kuinua macho. "Nilikuwa nimechoka. Sikujua hata kama baba yako ametoka nje. Nilisikia mtu anacheka, nikadhani ni mpita njia."

Miaka yote hiyo tulimpigia vigelegele kwa siku aliyoanguka. Sisi tuliona werevu kwa sababu mambo yalikwenda vizuri, na baba, ambaye hakuwa amepona chochote, aliinuka kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuinuka. Nilitaka kumwambia mama pole, lakini pole ya zamani hivyo unaianzia wapi? Nilichukua kisu mkononi mwake, nikamwambia akapumzike, nikamalizia kumenya viazi.