Nyati wa Ugali

Baba yangu alinifundisha kuua nyati kabla sijajua kusonga ugali. Ninasema mezani, si porini. Jioni mama akishageuza sufuria na ugali kutua kwenye sinia, baba aliuzuia kwa mikono yote miwili, kana kwamba chakula kile kina kesi ya kujibu. Kisha akaanza kuufinyanga: mgongo hapa, bega hapa, kitunguu kikawa kichwa, sukuma wiki ikawa nyasi. Sisi watoto tulimeza mate tu, maana kwetu hakuna aliyekula kabla nyati hajaanguka.

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini kabla sijazaliwa, na baba hakuwahi kuwa mmoja wa wale wa kupigwa picha wamekanyaga pembe. Alikuwa askari wa wanyamapori. Nyati akitoka msituni kule Timboroa, akala viazi vya watu na kumjeruhi mwenye shamba, ndiye aliyeitwa. Alipostaafu tukahamia Kiplombe, karibu na Eldoret. Bunduki ilirudi kwa serikali, mihadhara ikabaki kwetu.

"Moyo uko wapi?" aliuliza kila siku.

Tukamwonyesha kwa vidole: chini, karibu na kifua kinapoishia, juu ya mguu wa mbele. Wengi hulenga juu mno, alisema, kwa sababu mnyama ni mkubwa nao wanadhani heshima inakaa juu. Halafu ilikuja nguvu. Ukiongeza uzito wa risasi mara mbili, nguvu yake huwa mara mbili. Ukiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu huwa mara nne. Mwalimu wangu wa fizikia alipoifikia mada hiyo, mimi nilikuwa nimeshaila na mboga miaka mingi.

"Lakini nguvu bila mahali ni kelele," baba aliongeza. "Mpige nyati tumbo, hata na mzinga. Ataenda nao, akungoje kichakani, akurudishie."

Swali la mwisho lilikuwa, "Na nyuma yake kuna nini?" Risasi ikishapita kwa mnyama huwa bado ina nguvu, na haisimami kuuliza njia. Nyuma ya nyati wetu siku zote ilikuwa sahani yangu, kwa kuwa nilikaa mkabala na baba. Kaka zangu walijibu kwa furaha, "Ni huyu! Amekufa!" huku mikono yao iko tayari kwenye bega la nyati. Hatukulitilia maanani swali lile. Lilikuwa kengele ya kula.

Basi nikakua, nikapata mchumba. Sisi ni watu wa magharibi, yeye ni wa upande wa Ziwa, kule chini kwenye joto, karani katika ofisi moja mjini Eldoret, mtu mpole anayeomba radhi hata akikanyaga kivuli chako. Siku ya mahari ilipofika, wazee wake walipakia ng'ombe kwenye lori alfajiri wakaanza kupanda huku kwenye baridi yetu. Mimi, kama desturi inavyotaka, sikutakiwa kuonekana na wakwe mpaka niitwe. Nilikaa jikoni, kijumba cha mbao nyuma ya nyumba, nachekecha unga wa ugali, nakatakata kabichi na kuchungulia kwenye nyufa.

Kosa lilikuwa la mjomba wa mchumba wangu. Alikuwa ameambiwa kwamba baba wa bibi arusi ni muuaji wa nyati, akajiambia kuwa mtu wa namna hiyo hapelekewi mtamba mnyonge. Kwa heshima zake zote akatafuta fahali mkali kuliko wote aliowahi kuwaona. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na baba yangu alikuwa ameshajaa zizi lile peke yake.

Lori lilipofunguliwa, fahali hakungoja ubao wa kushukia. Aliruka, akapita na hema letu la wageni, akatembea na kitambaa chake cheupe kwenye pembe zake kama mtu aliyevalia harusi, akakanyagakanyaga mahindi ya jirani. Wazee wa Ziwa wakajua kumbe wanaweza kupanda miti. Jirani alipiga simu, na askari polisi kijana akaja kwa bodaboda na bunduki yake. Nilitaka kulia. Ng'ombe wa mahari akifia langoni kwa wakwe, nani atakubali kukaa chini na kuzungumza tena?

Baba, akiona bunduki, akashindwa kujizuia. Akaanza mhadhara palepale. Usimpige uso kwa uso, risasi itateleza kwenye mfupa. Ngoja ageuke. Lenga chini, juu ya mguu wa mbele. Kijana alikuwa anaitikia, "Sawa Mzee, sawa Mzee," kama mwanafunzi mwema.

Na fahali akageuka. Alikuwa amechoka, akaja kusimama ubavu wazi, sawasawa kama yule wa kwenye sinia. Mwanga uliokuwa ukiingia kwenye nyufa zangu ukazimika. Nilisikia pumzi yake.

"Mzee, nimempata," askari alisema. "Pale pale kwa moyo."

"Piga..." baba alianza. "Ngoja. Nyuma yake kuna nini?"

"Ni ukuta tu, Mzee."

"Ukuta ya nini?"

"Ya mbao."

Sijawahi kumwona baba akikimbia, na siku ile pia sikumwona, kwa sababu fahali alikuwa ameziba nyufa. Mama ndiye aliyenisimulia. Baba alikimbia akasimama mbele ya mdomo wa bunduki, mgongo wake ukiwa kwa fahali, kitu alichotukataza maisha yetu yote.

"Msichana wangu ako ndani ya hiyo jikoni," alisema. "Weka chini."

Mimi niliogopa. Lakini yule mnyama alikuwa ametoka Ziwa tangu alfajiri bila kula, na alikuwa ananusa kabichi yangu. Nikafungua dirisha la mbao, nikamtolea majani ya nje, yale magumu. Akala. Nikaongeza. Mjomba akashuka mtini, akamvisha kamba kwenye pembe, na wakwe wote wakaniona kabla ya kuitwa, nimefunga leso kiunoni na unga umenijaa mpaka kwenye nyusi.

"Huyu ndiye bibi arusi?" mjomba akauliza. "Tungejua tungeleta fahali wawili."

Baba aliulizwa kama anampokea fahali. Akaweka kiganja juu ya mguu wake wa mbele. "Nimempokea," alisema.

Chakula cha mchana kilipoletwa, wazee wa Ziwa wakaomba waonyeshwe jinsi nyati anavyopigwa, maana sifa zilikuwa zimewafikia. Nilikuwa nimeshaitwa rasmi, nimekaa mkabala na baba kama zamani. Baba akafinyanga mgongo, akafinyanga bega, akaweka kitunguu. Kaka zangu wakangoja swali la mwisho. Hakuliuliza. Alinyoosha mkono, akaichukua sahani yangu kutoka nyuma ya ugali, akaiweka kando ya sahani yake mwenyewe.