Mwaka Kampuni za Gemu Zilipoungana

Dada yangu Firdaus alikuwa na ulimi, na ulimi huo ndio uliokiendesha chumba chake cha gemu pale Majengo, mjini Machakos. Wasambazaji wa gemu kule Nairobi walikuwa wawili, wakichukiana kama wake wenza. Kwa wa kwanza alisema, "Wale wengine wamenipa pedi mpya za kuchezea bure." Kisha alivuka barabara kwa wa pili na kusema yale yale. Uongo mtupu! Lakini kila mmoja aliogopa kumpoteza, basi pedi zilikuja, na gemu mpya za mpira zikatufikia mapema. Nilimwonya mara ngapi sijui. Alinicheka tu.

Mwaka 2007 ikaja barua. Kampuni hizo mbili zimeungana, na kila mji utauziwa gemu kupitia chumba kimoja tu. Machakos tulikuwa na viwili: chetu, na cha Wambua karibu na stendi. Firdaus aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Tangu mumewe afariki, chumba hicho ndicho kilichomlisha mwanawe Faki na wadogo zake.

"Ummi, sasa wanakaa meza moja," alininong'oneza. "Wataulizana yote niliyowaambia."

Kesho yake nilimsindikiza Nairobi. Hadi tunafika njia panda ya Kyumbi, midomo yake ilikuwa ikicheza kwa dua tu. Nilimwapisha asizue hadithi yoyote, akaapa. Nami niliogopa, nisijifanye shujaa.

Ofisini tulimkuta binti mpole aitwaye Loise, ambaye hatukuwahi kumwona. Alitusomea masharti. Pedi ikiharibika, unanunua nyingine. Ukitaka gemu moja inayopendwa, unachukua na tatu zisizochezwa na mtu.

"Hamwezi kunilegezea kidogo?" Firdaus aliuliza.

"Hatuwezi, mama."

Ulimi wake ukashika njia yake ya zamani. "Lakini wale wengine wameniahidi..."

Loise aliweka kalamu chini. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Wengine gani, mama? Hakuna wengine siku hizi." Akamsogezea fomu. "Atakayetia sahihi kwanza ndiye ako na Machakos. Mwaka mmoja tu, halafu tutaona."

Firdaus alitia sahihi bila kusoma, jasho likidondokea karatasi.

Nje, kwenye benchi, alikuwa ameketi Wambua, shati limepigwa pasi, kofia magotini. Alisimama kutuamkia.

"Mama Faki, habari ya asubuhi. Hawa watu wanaongeleka kweli? Mimi sijalala tangu hiyo barua ikuje."

Firdaus aliisukuma nakala ya fomu ndani ya mkoba.

"Wanaongeleka," akasema.

"Asante Mungu," Wambua alisema, akabisha mlango.