Kiko cha Meno ya Baba

Kuna siku moja ya usichana wangu ambayo bado inanichekesha nikiwa peke yangu jikoni. Ni siku ile mimi na Kyalo tuliposimama mbele ya dirisha la duka kule Machakos, tukaona kiko cha tumbaku kimelazwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, na shingoni kilikuwa na alama ndogo ya dhahabu ya kampuni iliyokitengeneza ng'ambo. Mwanangu, kilikuwa kizuri. Siwezi kukudanganya kwa sababu ya uzee nikasema kilikuwa kibaya. Hata leo nikikiona nitakisifu.

"Ni hiki," nikamwambia Kyalo. "Usitafute kingine."

Kyalo alikuwa kijana wa Ikutha, mfugaji wa mbuzi, na alitaka kunioa. Kwetu ni Nunguni, juu milimani kwenye ukungu, na siku hizo majirani zetu waliwaita watu wa Ikutha "watu wa jua", tena kwa kuwacheka. Baba hakuwa amemkataa Kyalo, wala hakuwa amemkubali. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu alete mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishachinjwa na kuliwa nyumbani kwa msichana, basi msichana huyo amekuwa mke wa watu. Pamoja na mbuzi, Kyalo alitakiwa amletee baba kitu kimoja ambacho yeye kijana angekichagua mwenyewe, na baba alikuwa ameshalitangaza hilo mbele ya wajomba zangu wote.

"Mbuzi ni mbuzi, kila mtu ako nazo," alisema. "Huyo kijana nitamjua na kile kitu ataniletea mkononi."

Kama kitu hicho kisingempendeza, mbuzi wangerudi Ikutha wakiwa hai, nami ningebaki Nunguni nikipalilia mahindi kwa hasira. Nilimpenda Kyalo, nasema wazi, na usingizi ulikuwa umenipungua.

Kitu chenyewe hakikuwa na utata. Kiko cha baba kilikuwa kimepasuka, amekifunga kwa waya, na moshi ulitoka kila mahali isipokuwa pale ulipotakiwa. Baba alihitaji kiko kipya. Swali lilikuwa kiko gani, na kwangu mimi hata hilo halikuwa swali. Mzee Musyoka, rika la baba, alikuwa na kiko kama kile cha dirishani, ameletewa na mwanawe kutoka Mombasa. Siku ya soko alikuwa anakitoa mfukoni polepole, anakipangusa, anahakikisha ile alama ya dhahabu imewaelekea watu, na mara nyingi hata tumbaku hatii. Nilitaka baba naye awe nacho. Nilitaka wote waliomcheka Kyalo wafunge midomo.

Nilimweleza mama tukichambua mbaazi. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, kwaya na kikundi cha akina mama, na tumbaku aliichukia. Baba alivutia nje kando ya zizi, hata mvua ikinyesha. Nilidhani mama atasema tumnunulie blanketi. Hakusema hivyo.

"Wewe Mwende, hiyo kiko ni ya nani?"

"Ni ya baba, mwaitu," nikamjibu mama.

"Mimi naona ni ya Musyoka na watu wa soko. Baba yako ushawahi kumwangalia akivuta?"

"Kila siku."

"Haya. Mkono wake wa kushoto huwa wapi?"

Mama akanieleza taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Baba alikuwa wa rika lile lililochongwa meno ya mbele ujanani, yakawa na ncha, maana huo ndio uliokuwa urembo wa wakati wao. Mdomo bapa wa kiko cha dukani uliteleza kati ya zile ncha. Ndiyo maana akivuta lazima akishikilie. Alifungua zizi kwa mkono mmoja, alisalimia wageni kwa mkono mmoja, na fundo la kamba likimshinda alilitukana.

"Mimi hiyo moshi siipendi, na Mungu anajua," mama akasema. "Lakini kama ni kuvuta, wacha avute vizuri. Si kama mtu ameshikilia mlango wa lori isifunguke."

Niliona haya, mwanangu. Nilikuwa nimeishi na baba tangu nizaliwe, nikakiona kiko na nisiuone mkono.

Nilipompelekea Kyalo habari hizo, nilidhani atanung'unika. Kumbe alifurahi. Kwao Ikutha kulikuwa na mzee Nzioka, mchongaji, na kiko cha kuchongwa ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo ila aliniogopa. Mzee Nzioka alikubali kazi, lakini akataka kujua jinsi meno yenyewe yalivyokaa. Hapo tukakwama. Binti hawezi kumwambia baba yake afungue mdomo amwangalie, na kijana anayeposa hawezi hata kumkazia macho baba wa msichana.

Lakini baba alikuwa na mizinga ya nyuki. Alipoyeyusha nta na kuifinyanga vipande, alikuwa na tabia ya kukiuma kimoja mara moja, kwa nguvu, aone kama imekauka, kisha anakitupa kikapuni. Nikavizia. Nikapata kipande chenye alama za meno yote ya mbele, safi kabisa, nikakitia kwenye mkebe wa majani ya chai na kumpa Kyalo.

Sasa hapo ndipo usichana wangu wa milimani uliponiumbua. Kwetu Nunguni nta hukaa kwenye mkebe mpaka uisahau. Kyalo alipofika Ikutha kwenye jua lao na kuufungua mkebe mbele ya mzee Nzioka, ndani mlikuwa na kitu kama mchuzi. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia Kyalo, "Kijana, umeniletea meno ya kunywa."

Kipande cha pili nilikitia ndani ya kibuyu cha maji baridi, nikamwagiza Kyalo abadilishe maji kila apatapo nafasi. Alikibeba kifuani njia nzima. Dereva wa lori aliyempa lifti alimwuliza kwa wasiwasi kama hiyo ni dawa ya mganga, na Kyalo, mtu asiyejua kudanganya, akajibu kwamba ni meno ya baba mkwe. Dereva alikanyaga mafuta safari yote iliyobaki. Huku nyumbani baba alikuwa ameanza kulalamika.

"Ni panya gani hawa wanakula nta?"

"Ni panya wa kike," mama akajibu kutoka jikoni.

Siku ya ntheo ikafika. Mbuzi wakaja wakilia, wajomba wakakaa, Mzee Musyoka akakaa mbele kabisa na kiko chake mkononi. Kyalo akatoa kitambaa cha kawaida na kukifungua. Kiko kilikuwa cha rangi ya udongo, kimechongwa kutoka mzizi wa mzeituni wa pori, hakina alama, hakina kisanduku, hakina chochote cha kuonyesha watu.

"Na hii ni ya kampuni gani?" Mzee Musyoka akauliza, na watu wakacheka.

"Ni ya baba peke yake, mzee," Kyalo akasema.

Baba hakucheka. Akakipokea, akakigeuza, akapapasa mdomo wa kiko mahali mzee Nzioka alipokata vijifereji vidogo. Akakitia mdomoni na kuuma. Kisha akaanza kuuondoa mkono wake wa kushoto polepole, kiganja kikiwa chini tayari kukidaka. Kiko hakikuanguka. Akatikisa kichwa huku na huku kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kiko kilikaa pale pale. Hata mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Baba akainuka. Akamwendea Kyalo, akaushika mkono wa kijana yule kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu yeyote akiwa na kiko, hata mchungaji wa kanisa. Na kiko kikiwa kimesimama kati ya meno yake akasema, "Karibu kwako."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka sokoni. Mama akasema, "Mungu anisamehe kwa hii kiko," halafu akaanzisha wimbo wa kanisa, na baba akaupigia makofi kwa mikono miwili huku moshi ukimtoka puani. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja. Jioni, Mzee Musyoka alimvuta Kyalo pembeni akamwuliza kwa sauti ya chini kama njia ya kwenda Ikutha inapitika.

Mwanangu, sikuambii uchukie vitu vyenye majina makubwa. Simu hii ninayokupigia ina jina kubwa na nimeizoea, usije ukaninyang'anya. Ninachokuambia ni kwamba ukitaka kumpa mtu kitu, usianzie dukani, na wala usianzie kwa watakaokuwa wakitazama. Anzia kwake. Kaa naye, mwangalie anavyokula, anavyocheka, mahali anapochokea, mkono upi haupumziki. Ukishamjua hivyo, chagua cha dukani au cha kuchongwa, vyovyote, hutakosea sana. Na kazi hii ina usumbufu wake: utahangaika, utachekwa, na nta yako itayeyuka njiani. Rudi uchukue nyingine. Hata mume au mke, mtafute kwa njia hiyo hiyo, maana utakaa naye siku nyingi kuliko watakazokaa wageni wa harusi.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe macho ya kuwaona walio karibu nawe, na wao awape macho ya kukuona wewe. Ukiwa na mzigo ambao hujawahi kuutaja, apatikane mtu aliyeuona bila kuambiwa. Na siku atakapokutua mzigo huo, mikono yako miwili iwe na mtu wa kumshika.