Mshona soksi za maboya na samaki mwenye meno

Saa moja asubuhi cherehani imeshaanza kunguruma. Ni cherehani ya chuma, ya kushonea maturubai ya malori, na anayeiendesha ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Anasukuma kitambaa kizito cha nailoni chenye urefu wa mita sita. Kimetobolewa matundu mapana kama sahani.

"Usinisemeshe nikifika kwenye kola," anatahadharisha bila kuinua macho. "Nikimaliza uliza unachotaka."

Na kweli, akifika kwenye kola, ule ukanda wa juu unaoshikilia kitambaa chote, anafunga mdomo. Sindano inazunguka, inarudi nyuma vidole vitatu, inazunguka tena. Anakata uzi, anauvuta kwa meno, halafu anashika mshono kwa mikono miwili na kuukung'uta kama anayetaka kuuchana. Ndipo anapumua.

Wenzake karakanani wanamwita Mama Soksi. Jina halimuudhi, maana ndiyo kazi yenyewe. Kitambaa hicho huning'inizwa kwa kamba ndefu chini ya boya, boya likatupwa baharini kutoka melini na kuachwa lielee. Juu lina antena, na kila baada ya muda linaiambia setilaiti lilipo. Watu wa ofisini, ghorofa ya pili, wanafuata nukta hizo kwenye skrini na kujua mkondo wa maji unaelekea wapi.

Soksi ndiyo inayoshika maji. "Boya lisilo na soksi ni kofia iliyokupeperuka kichwani," anasema. "Litakwenda unakokwenda upepo. Upepo na maji si ndugu. Huyu anaweza kwenda huku, mwenzake akaenda kule."

Ameifanya kazi hii miaka kumi na moja. Analipwa kwa kila soksi anayoshona, na mwezi ukiwa mzuri malipo yanatosha kodi ya nyumba na nusu ya chakula. Mwezi mbaya anashonea watu viti vya magari. Kiuno kinamsumbua, vidole vimekuwa vigumu, na jicho la kulia linataka miwani mipya ambayo kila mwezi inasogezwa mwezi unaofuata.

Lakini siku mwandishi wa simulizi hii alipofika karakanani kwa mara ya kwanza, wiki tatu zilizopita, hakukuwa na mtu aliyekuwa akizungumzia viungo wala miwani. Walikuwa wakisubiri kasha.

Ndani ya kasha lile kulikuwa na boya lililookotwa ufukweni, mbali sana, na watu waliokuwa wakikusanya chupa za plastiki. Waliona namba ya simu ubavuni, wakapiga. Kwa ofisi lilikuwa boya bovu linalorudi nyumbani. Kwa Mama Soksi lilikuwa jibu la swali lililomnyima usingizi tangu mdogo wake apotee.

Mdogo wake alikuwa mpishi wa meli ndogo ya mizigo, na mabaharia walimwita Kijiko. Wazazi wao walikufa yeye akiwa hajaanza shule. Dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha, akamuoza. Alipooa, alimleta mke wake kwenye nyumba ileile ya dada yake: vyumba viwili, sebule na jiko moja.

Jiko moja, mawifi wawili. Msomaji hahitaji kuelezwa zaidi.

"Tulikuwa tunagombana mpaka jirani anapunguza redio asikilize vizuri," anasema Mama Soksi, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Chumvi. Ufagio. Nani kaacha sabuni ndani ya maji. Kijiko alikuwa anasema akitoka safari akisikia kelele zetu pale konani, basi anajua kafika kwake."

Meli ilizama mwanzoni mwa mwaka huu. Maji yaliingia chumba cha injini, mabaharia tisa wakaruka wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea. Mtu akiwa majini hivyo, huenda na mkondo. Waokoaji wakaiuliza ofisi: mkondo wa pale unaelekea wapi? Boya moja tu lilikuwa karibu na eneo lile, na lilikuwa likikimbia magharibi. Ndege na boti zikapelekwa magharibi.

Siku ya tano, meli iliyokuwa ikipita zake iliwakuta mabaharia watatu wakiwa hai, mbali upande wa kaskazini. Walisema Kijiko alikuwa nao. Alikuwa nao mpaka jioni ya siku ya nne.

Ofisini walijua haraka kilichotokea. Mkondo ulikuwa ukienda kaskazini, na boya lilikuwa limepoteza soksi, likabebwa na upepo. Ambacho hakuna aliyejua ni kwa nini soksi ilitoka. Ila Mama Soksi alikuwa na hofu yake, na hofu hiyo ilikuwa na picha.

Miezi minane kabla ya meli kuzama, Kijiko alipita karakanani kuaga kabla ya safari nyingine. Dada yake alikuwa kwenye kola. Kijiko akaketi juu ya rundo la kitambaa, akachukua kalamu ya wino mzito, akachora samaki mwenye meno makubwa kwenye ile kola iliyokuwa chini ya sindano.

"Nikamwambia, wewe mjinga, unachafua mali ya serikali," anakumbuka. "Akasema, 'Dada, nawatisha papa. Wakiona meno haya watajua hii ina mwenyewe.' Mimi nacheka. Simu yake ikalia, anaitwa melini. Nikainuka kumsindikiza getini. Niliporudi nikaitoa ile soksi kwenye cherehani, nikaitupia kwenye rundo. Sikumbuki kama nilirudi nyuma vile vidole vitatu vya kufunga mshono. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki."

Kijiko alirudi salama kutoka safari ile. Soksi nayo ilikwenda zake baharini na boya, na dada mtu akaisahau, mpaka wiki aliyoambiwa kwamba boya lililowapoteza waokoaji lilitoka kwenye kundi la mwaka ule.

Hakumwambia wifi yake. Wifi, kwa upande wake, alikuwa amebadilika. Ugomvi uliisha siku ileile ya msiba. Ikawa asante wifi, pole wifi, kaa wifi nitaosha mimi. Wageni wakija kuhani, aliwaambia wifi yake na wenzake walijitahidi, bahari ndiyo iliyokataa.

"Kila asante yake ilikuwa inanichoma," anasema. "Nakula chakula chake, nasema ahsante kwa chakula, halafu nalala nikiwaza kama mkono huu ndio uliomuua mume wake. Mdogo wangu mimi. Niliyembeba mgongoni."

Kasha lenye boya hilohilo lililowapoteza waokoaji likafunguliwa mbele ya watu wanne: yeye, msimamizi wa ofisi, fundi mitambo anayefunga vifaa ndani ya maboya, na mwandishi. Boya lilitoka likiwa limegeuka rangi, limeota majani ya bahari na magamba. Chini yake kulikuwa na kipande cha kamba, na mwisho wa kamba pete ya plastiki yenye ukanda wa kola. Mwili wa soksi haukuwepo.

Fundi mitambo akausafisha ukanda ule kwa kitambaa kilicholowa. Wino ulikuwa umepauka, lakini meno yalionekana yote.

Mama Soksi hakulia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaushika ukanda na kuupitisha vidoleni pole pole kama anayepima nguo ya mteja. Kando ya ukanda matundu ya sindano yalikuwa yamejipanga safi. Hakukuwa na uzi ndani yake. Kitambaa hakikuwa na mpasuko popote.

"Mama, bahari ina mambo mengi," fundi mitambo alijaribu. "Huwezi kujua. Labda papa. Labda imenasa kwenye nyavu."

"Nyavu zingechana, na papa angeng'oa kipande," alijibu. "Hii imefumuka, baba. Na mshono hufumuka pale usipofungwa."

Msimamizi, ambaye muda wote alikuwa akiangalia sakafu, naye akasema lake. Ndani ya boya mna kifaa kidogo kinachohisi kama soksi bado ipo. Wiki ile meli ilipozama, kifaa kilionyesha kwamba haipo. "Tukasema kifaa kimekufa, maana huwa vinakufa ovyo," alisema. "Hatukuwaambia waokoaji hata kwamba tuna shaka. Hilo ni letu, mama, si lako."

"Chukueni lenu," alisema Mama Soksi. "Mimi langu hili hapa."

Akaomba aende na ule ukanda nyumbani, akaruhusiwa. Mwandishi aliahidi kutoandika neno mpaka wifi aambiwe, na akubali habari itoke. La kuvunda halina ubani, lakini kuna watu wanaostahili kulijua kabla ya wasomaji wa gazeti.

Jioni ile Mama Soksi alipiga moyo konde. Alimkuta wifi akichambua mchele sebuleni, akaketi mbele yake, akamweleza yote, kuanzia kalamu hadi kasha. Wifi hakumkatiza. Alipomaliza, wifi aliutazama ukanda, akagusa samaki kwa kidole.

"Aliuliza swali moja tu. 'Siku hiyo alikuwa anacheka?' Nikamwambia alikuwa anacheka. Akauchukua ule ukanda, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningeshukuru."

Tangu siku hiyo wifi amekuwa na heshima za kumsalimia mpangaji. Chakula kinapikwa, kinafunikwa, kinaachwa mezani. Jambo pekee alilosema kuhusu habari hii, alipoombwa ruhusa, ni "Aandike."

Karakanani Mama Soksi aliomba kuacha kazi. Msimamizi alikataa, akisema hana mwingine anayeweza kushona, na mwandishi hajui kama huo ulikuwa wema au ukweli tu. Akarudi kwenye cherehani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufumua kola za soksi zote zilizokuwa stoo na kuzishona upya, mistari miwili miwili, bila malipo. Ilimchukua siku nane. Fundi mitambo alimshikia kitambaa.

Ofisini nako sasa kifaa kikisema soksi haipo, lazima mtu aandike kwenye skrini kwamba boya hilo lisifuatwe. Mama Soksi anakwenda kila Ijumaa kuhakikisha. Anapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili na kiuno chake kile, anasimama nyuma ya kiti cha msimamizi, anauliza: "Yenye soksi ni yapi, na yasiyo nazo ni yapi?" Anaonyeshwa, anashuka.

Ukimuuliza anatamani nini, hasemi msamaha. Neno hilo analikwepa.

"Natamani anitukane," anasema. "Anitukane mimi na hii cherehani. Sisi tukigombana nyumba inakuwa na watu. Sasa hivi tuko wawili na hakuna mtu mle ndani. Akinitukana nitajua amebaki. Hiyo ndiyo nayoingoja, sina nyingine."

Jumapili iliyopita mwandishi alikwenda nyumbani kwao kuhakikisha ile ruhusa kwa mara ya mwisho. Mama Soksi alikuwa jikoni akikoroga chungu, mlango ukiwa wazi. Wifi alikuwa sebuleni akikunja nguo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliulizwa kama ana lolote la kuongeza. Akatikisa kichwa, akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Lilikuwa la kiume.

Kisha akasema, na safari hii sauti haikuwa ya chini: "Andika kwamba anaongea sana. Akishona anaongea, akipika anaongea. Nilimwambia tangu nilipoolewa humu, mdomo wako utakuja kutuponza, ukishona shona. Hakusikia. Leo mume wangu hayupo, na chumvi bado hajui kutia."

Jikoni mwiko ulisimama.

Mama Soksi alimsindikiza mwandishi mpaka getini. Alikuwa akilia, na alikuwa hajafuta.

"Umemsikia?" aliuliza. "Usipunguze hata neno. Hata ile ya chumvi."